Kikombe cha fedha kilichokonda

Kila Jumatatu ya tatu ya Septemba, Japani huadhimisha Siku ya Kuwaheshimu Wazee. Anayetimiza miaka 100 mwaka huo hupewa na serikali barua ya pongezi ya waziri mkuu na kikombe cha fedha, kile kikombe bapa kama kisahani ambacho Wajapani hunywea sake harusini na kwenye sherehe. Zawadi hiyo ilianza kutolewa 1963. Mwaka ule, watu wote wa nchi nzima waliokuwa na miaka 100 au zaidi walikuwa 153. Ungewapakia kwenye mabasi matatu wakaenea.

Septemba 2025 walikuwa 99,763, na karibu 9 katika kila 10 ni wanawake. Kikombe nacho kimekonda. Mwaka 2009 kilipunguzwa ukubwa. Mwaka 2016 kikaacha kuwa fedha tupu, kikawa madini ya bei nafuu yaliyopakwa fedha kwa juu, maana gharama ilikuwa imekwishaanza kuilemea bajeti. Sidhani kama kuna anayewapenda wazee kidogo kuliko zamani. Wazee wameongezeka tu, na wa kuwachangia wamepungua.

Mwaka 1949, vita vikiwa vimekwisha na askari wamerudi kwa wake zao, Japani ilipata watoto takriban milioni 2.7. Mwaka 2024 walizaliwa takriban 686,000, yaani robo ya wale. Na wale wa 1949 ndio hao sasa wamevuka miaka 75, umri ambao magoti, macho na kumbukumbu huanza kudai chao. Karibu watu 3 katika kila 10 nchini humo wana miaka 65 au zaidi. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kutoka asilimia 7 ya watu wa umri huo hadi 14. Japani ilivuka hatua hiyohiyo kwa miaka 24, kati ya 1970 na 1994. Mtu aliyeanza kazi kijana nchi ikiwa changa alijikuta bado yumo kazini huku nchi imeshazeeka.

Barazani kwetu husemwa kwamba wenzetu wa nchi tajiri huwatupa wazee wao. Kwa Japani, maneno hayo si ya haki. Kwa vizazi vingi kazi ya kumtunza mzee ilikuwa ya mkamwana, mke wa mtoto wa kiume wa kwanza. Yeye ndiye aliyewalisha wakwe zake, akawaogesha, akawageuza kitandani usiku, miaka nenda miaka rudi, bila ujira na mara nyingi bila asante. Watoto walipopungua na wanawake kuingia maofisini na viwandani, nguzo hiyo ikaanza kuyumba. Ndipo Aprili 2000 ikaanzishwa bima ya uangalizi: kila mtu kuanzia miaka 40 huchangia, na mzee akihitaji msaada hupimwa kiwango cha uhitaji wake, kisha akaletewa mtu wa kumwogesha au kumpikia. Wengi hulipa sehemu moja tu ya kumi ya gharama. Kwa maoni yangu, hili ni moja ya mambo ya kiungwana zaidi ambayo taifa limewahi kuwafanyia wanawake wake, ingawa lilifanywa kwa jina la wazee.

Fedha za kuendesha mambo haya zimetafutwa kwa kila njia. Kodi ya matumizi ilianza 1989 kwa asilimia 3. Tangu 2019 ni asilimia 10, na kijana anayenunua shati huwa amewachangia wazee kabla hajalivaa. Lakini kodi hupandishwa kwa kura bungeni. Mikono haipatikani hivyo. Wizara ya afya ya huko imekadiria kwamba ifikapo 2040 watahitajika watunzaji wapatao 570,000 zaidi ya waliokuwapo 2022, na hao hawajulikani watatoka wapi wakati kila kiwanda, duka na kampuni ya mabasi inawagombea vijana walewale wachache.

Baadhi wametafutwa nje. Walitangulia Waindonesia mwaka 2008, wakafuata Wafilipino 2009 na Wavietnamu 2014. Ili kupata cheti, watunzaji hao walitakiwa kufaulu mtihani uleule wa taifa, kwa Kijapani. Neno la Kijapani la vidonda vya mgonjwa aliyelala muda mrefu huandikwa kwa alama ngumu ambazo hata Wajapani wengi huzikwepa. Binti wa Jakarta aliyeweza kumgeuza bibi kwa upole asipate vidonda hivyo angeweza kukwama mbele ya karatasi iliyoandikwa jina la vidonda hivyohivyo. Baadaye wakuu walikubali kuandika matamshi pembeni ya alama.

Mzee wa kijijini ana taabu yake. Vijana wamekwenda Tokyo na Osaka, basi limekosa abiria, njia imefutwa. Duka liko mbali, hivyo anaendesha gari lake akiwa na miaka 85. Ajali zinapotokea, polisi huwasihi wazee warudishe leseni, na maelfu kwa maelfu huzirudisha kila mwaka. Kurudisha leseni mahali pasipo na basi ni kujifungia nyumbani. Jirani zake ni mahame: hesabu ya 2023 ilikuta nyumba zisizo na mtu milioni 9 nchini. Mji wa Yubari huko Hokkaido, uliokuwa na zaidi ya watu 100,000 enzi za makaa ya mawe, ulitangazwa kufilisika 2007. Sasa hawafiki 7,000, na zaidi ya nusu ni wazee.

Mwaka 2024, kwa hesabu ya polisi, watu 76,020 walikutwa wamekufa peke yao majumbani, 58,044 kati yao wakiwa na miaka 65 au zaidi. Posta ina huduma ya kulipia: mtumishi wake hupita kwa mzee mara moja kwa mwezi, huzungumza naye, kisha humwandikia mtoto aliye mbali kwamba mama yu mzima. Nakiri kwamba habari hiyo ilinigusa kuliko takwimu zote.

Wazee wenyewe hawakukaa kungoja. Mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea bado anafanya kazi. Wengine kwa kupenda, wengine kwa kuwa pensheni haifiki mwisho wa mwezi.

Katika bonde moja la kisiwa cha Shikoku kiko kijiji cha Nagoro. Bi Ayano Tsukimi alirudi huko kumtunza baba yake, akatengeneza kinyago cha kutishia ndege shambani, kikafanana na baba. Tangu hapo ametengeneza mamia ya wanasesere wa ukubwa wa watu: wamekaa kituoni wakisubiri basi, wamesimama mashambani, wamejazana pale ambapo watu wameshuka hadi makumi machache. Shule ya msingi ilifungwa 2012, wakiwa wamebaki wanafunzi wawili. Kabla ya kuondoka, watoto hao walitengeneza wanasesere wao wenyewe, wakawavika nguo zao, wakawaketisha kwenye madawati.