Ada ya Bima: Nani Anaitoa, na Lini

Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inasema wazi kwamba mfanyakazi akiugua, mwajiri ndiye anayegharimia matibabu yake na ya familia yake. Kwa mujibu wa karatasi, mchungaji wa ng'ombe kwenye vilima vya Mushaki, mashariki ya nchi, hana haja ya kulipia bima hata faranga moja. Lakini asiye na mkataba atadai vipi, ilhali kazi nyingi za malishoni hukubaliwa kwa mdomo? CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo hushughulikia pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho ya familia; malaria ya mtoto haimo. Inayobaki ni mituweli ya hiari, yaani chama cha bima ya afya ambacho wanachama wenyewe hukichangia.

Hapo ndipo bei inapoamua. Chukua mchungaji anayelipwa kidogo kwa pesa na kidogo kwa maziwa, mwenye mke na watoto watano. Mituweli inahesabu ada kwa kichwa, kwa mwaka, na inataka yote kwa mkupuo. Dola chache mara watu saba zinaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Basi anamwandikisha mke mwenye mimba na mtoto wa kikohozi kisichoisha, wengine wangoje. Wakifanya hivyo wengi, mfuko unajaa wagonjwa, ada inapanda, na wazima waliobaki wanajitoa. Ndiyo maana mituweli nyingi hudai familia nzima iandikwe. Sharti hilo ni la haki, ila linazidisha mzigo wa siku ile ile moja.

Ada ikikatwa kwenye mshahara mambo hubadilika. Nchini Tanzania, kwa mtumishi wa serikali, mfuko wa taifa wa bima ya afya (NHIF) hupokea asilimia 3 kutoka kwake na 3 kutoka kwa mwajiri. Hakuna anayekaa chini kupima ajiunge au asijiunge. Kenya, tangu Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya afya, na mwajiri haongezi kitu. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na ni katika kundi hilo walipaji wamekuwa haba.

Kongo yenyewe ina mfano ninaouheshimu sana. Mwaka 1986 hospitali ya Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, ilianzisha bima ya kulazwa. Uandikishaji uliwekwa katika msimu wa wakulima kuuza mavuno, na mwanachama alilipa asilimia 20 tu ya gharama za hospitali. Miaka michache baadaye, zaidi ya nusu ya wakazi wa eneo lile walikuwa wamejiunga. Walikuwa maskini walewale, ila waliombwa ada wakiwa na pesa mkononi.

Mushaki ina shida ya ziada. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Februari 2023, na mwanzoni mwa 2025 benki za Goma zilifunga milango. Mahali ambapo mshahara haupiti benki, makato ya kila mwezi yanahitaji mkono mwingine, na naona mkono huo ni wa mwenye ng'ombe. Anauza maziwa na jibini mara kwa mara, kwa hiyo anaweza kutoa nusu ya ada na kukata nusu nyingine kidogo kidogo. Kadi ya bima nayo ikubaliwe hadi Sake na Goma, maana vita vikirudi familia hizi hukimbilia huko, na mtu hatalipia kituo cha afya ambacho huenda akakiacha nyuma wiki ijayo.