Kiyoyozi cha Gari Kikinuka, Tafuta Maji

Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilisumbuliwa na karatasi zake. Unyevu wa hewa ukipanda, karatasi zilitanuka. Ukishuka, zilisinyaa, na rangi ya pili haikuangukia mahali pa rangi ya kwanza. Mhandisi kijana aliyeitwa Willis Carrier akapewa kazi ya kutafuta dawa, naye akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili maji yaliyomo hewani yawe matone na kudondoka. Watu kuburudika kwa ubaridi huo kulikuja baadaye. Tangu kuzaliwa kwake, basi, kiyoyozi ni mashine ya kuikamua hewa maji, na kile cha ndani ya gari, ambacho kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1940, hakikuacha tabia hiyo. Historia hii ina faida yake, maana ndani yake mna jibu la swali linalowapeleka wengi gereji: kwa nini gari linanuka mara tu AC inapowashwa? Linanuka kwa sababu maji yaliyokamuliwa hayakupata pa kwenda. Tiba yoyote isiyoyagusa maji hayo, iwe manukato au gesi mpya, ni kutupa hela.

Tuyafuate maji yenyewe. Kompresa huikandamiza gesi, gesi hupoa na kuwa kimiminika kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba na kutanuka ghafla ndani ya evaporeta. Hicho ni kifaa kilichojificha nyuma ya dashibodi, chenye vibati vingi vyembamba vya alumini vilivyobanana, na joto lake hushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Feni husukuma hewa ipite katikati ya vibati hivyo kabla ya kukufikia usoni. Sasa chukua hewa ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo imebeba takriban gramu 24 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 8 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 8 hivi, kwa hiyo gramu 16 hubaki juu ya vibati, kama jasho la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Feni ikivuta mita za ujazo 100 tu za hewa ya nje kwa saa, hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Njia yake ya kutokea ni mpira mwembamba unaoelekea chini ya gari. Wapo wanaoshtuka kuona gari lililoegeshwa likidondosha maji safi, ilhali hiyo ni dalili ya afya. La kutia wasiwasi ni kinyume chake: siku ya joto na unyevu, AC imewashwa saa nzima, chini pakavu, na zulia la miguuni kwa abiria limelowa. Hapo mpira umeziba kwa majani, vumbi au kiota cha mdudu.

Mpira ukiwa mzima, bado utando wa maji hung'ang'ania kwenye vibati kila unapozima injini. Ubaridi unakoma, joto linapanda, giza lipo, na chakula kipo pia: vumbi, chavua, nyuzi za nguo na vipande vidogo vya ngozi ambavyo feni imekuwa ikivivuta siku zote. Bakteria na kuvu hawahitaji zaidi ya hapo. Watafiti wa Marekani waliochunguza evaporeta za magari yaliyolalamikiwa harufu, katika miaka ya 1990, walikuta utando wa viumbe uliojishikiza kwenye alumini, wakiwemo bakteria wa jamii ya Methylobacterium na kuvu wa jamii ya Penicillium. Viumbe vya namna hii hutoa kemikali zinazoruka hewani. Baadhi ni asidi zenye harufu ya soksi zilizovaliwa wiki nzima, nyingine zina harufu ya udongo na uvundo. Pua ya binadamu ni kali ajabu kwa baadhi ya hizo. Geosmini, ile inayoipa ardhi harufu yake mvua inapoanza kunyesha, huweza kunuswa ikiwa ni chembe chache tu katika trilioni za hewa. Ndiyo sababu gari linaweza kunuka vibaya bila uchafu wowote kuonekana kwa macho, na ndiyo sababu harufu huwa kali dakika za mwanzo: kemikali zilizokusanyika usiku kucha hupeperushwa zote kwa pamoja.

Wengi watapinga hapa kwa ushahidi wao wenyewe. Harufu ilikuwepo, fundi akajaza gesi, harufu ikaisha. Si gesi ndiyo iliyokuwa tatizo? Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mfumo ukiwa mzima haikutani kabisa na hewa unayovuta. Zaidi ya hayo gesi aina ya R-134a, iliyoenea katika magari mengi barabarani kwetu, karibu haina harufu. Kilichotokea baada ya kujaza ni kwamba evaporeta ilirudi kuwa baridi sawasawa: maji mengi zaidi yakateremka na kusuuza vibati, na viumbe vikadumaa kwa baridi. Hiyo ni ahueni ya muda. Tena mara nyingi fundi huyo huyo alipuliza dawa au kukung'uta filta siku hiyo hiyo, na sifa zote zikaenda kwa gesi. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, mahali fulani inavuja, na kuongeza nyingine bila kutafuta tundu ni kuiachia angani gesi ambayo, kilo kwa kilo, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa.

Manukato ya kuning'iniza hayahitaji maneno mengi: yanaongeza kemikali hewani na kuiacha ile ya kwanza ilipo, na abiria hushuka akiwa amenusa soksi zenye ua la waridi. Hatari zaidi ni ushauri wa kupuliza dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Huua viumbe, kweli, lakini hula alumini, na evaporeta iliyotoboka ni gharama kubwa maana dashibodi nzima huenda ikafunguliwa. Mashine za ozoni nazo huua kiasi na kuipunguza harufu, ila huacha utando na maji mahali pake, na ozoni yenyewe huwasha mapafu. Asiwemo mtu wala mnyama ndani wakati inafanya kazi, na gari lifunguliwe milango vya kutosha kabla ya kuingia.

Tiba inayoeleweka huanza na filta ya hewa ya ndani, ambayo katika Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria na hutolewa kwa mkono bila spana. Magari yetu mengi huja yametumika Japani kwa miaka kadhaa (Kenya huruhusu yasiyozidi miaka 8), na mnunuzi anayebadilisha oili siku ya kwanza hasumbuki kuitazama filta hii. Iliyojaa vumbi na majani hunyonya unyevu, huwa yenyewe shamba la kuvu, na hupunguza kasi ya hewa ambayo ingekausha vibati. Ikishatolewa, povu la kusafishia evaporeta hupulizwa kupitia nafasi yake au kupitia mpira wa kutolea maji, huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha hutiririka likiwa limebeba ule utando. Madirisha yawe wazi. Filta mpya iwekwe baada ya kusafisha, siyo kabla.

Kisha kukausha, na hapa pana pingamizi zito kuliko yote. Ushauri wa kawaida ni kuzima AC dakika tano kabla ya kufika na kuacha feni ikivuta hewa ya nje. Mkazi wa Pwani atauliza: hewa ya nje yenyewe imelowa, itakausha nini? Ana hoja. Hewa ile ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huendelea kuacha umande juu ya kitu chochote chenye joto chini ya nyuzi 26 hivi, kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kuzima kompresa feni inaongeza maji badala ya kuyapunguza. Vibati vikivuka kiwango hicho ndipo ukaukaji huanza, nao ni wa polepole. Nairobi au Arusha, penye hewa kavu zaidi, dakika tano hufanya kazi kubwa. Mombasa au Zanzibar zinahitajika kumi au zaidi, na hata hizo hupunguza tu kasi ya viumbe kuota. Wengine husema washa hita. Katika magari mengi hita iko baada ya evaporeta kwenye njia ya hewa, kwa hiyo joto lake linakupata wewe na kuiacha evaporeta ilivyo, isipokuwa ukichagua hewa izunguke ndani ili irudi ikiwa moto, dirisha likiwa wazi kidogo unyevu upate pa kutokea. Baadhi ya watengenezaji wamelikubali tatizo hili kwa kuweka kifaa kinachowasha feni chenyewe baada ya gari kuegeshwa, dereva akiwa ameshaondoka. Asiye na kifaa hicho, na anayeishi Pwani, ahesabu kusafisha evaporeta kila mwaka kuwa sehemu ya matunzo ya gari, sawa na kubadilisha breki zilizolika.

Ila si kila harufu ni ya maji. Harufu tamu inayofuatana na ukungu wa mafuta ndani ya kioo cha mbele ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Ya plastiki inayoungua ni nyaya au injini ya feni. Ya petroli au moshi wa ekzosi ni hatari ya papo hapo, kwa sababu moshi hubeba monoksidi ya kaboni isiyonuka wala kuonekana: fungua madirisha, simama, zima injini, shuka. Zilizobaki, za soksi na uvundo, zina haki ya maswali mawili kabla ya pochi kufunguliwa. Fundi akikuambia tujaze gesi, mwombe kwanza akuonyeshe filta, kisha akuonyeshe maji yanatokea wapi.