Uanagenzi katika Jumba la Makumbusho: Kazi Zake na Ujuzi Utakiwao

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi "kumbuka" kwa njia ya "kumbusha". Kwa asili yake, basi, lataja tendo kabla ya kutaja nyumba. Mjini Lubumbashi mzizi huohuo umezaa matumizi mengine: picha za rangi zilizotundikwa katika nyumba za wafanyakazi katika miaka ya 1970, zenye kuonyesha utumwa, ukoloni na vita, ziliitwa "ukumbusho", kwa kuwa zilimfanya mtazamaji akumbuke na kusimulia. Picha peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu wa kuieleza. Ndivyo ilivyo pia kwa kitu kilichohifadhiwa katika jumba la makumbusho. Makala haya yanakusudia kueleza kazi anayokabidhiwa mwanafunzi aingiapo humo kwa uanagenzi, au "staji" kama wasemavyo wengi, na ujuzi anaotakiwa kuwa nao. Mfano utakaofuatwa ni ule wa Katanga.

1. Mahali pa kujifunzia

Jumba la Makumbusho la Taifa la Lubumbashi lilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, mtafiti wa mambo ya kale, wakati mji ukiitwa bado Élisabethville. Tangu mwaka 1970 majumba ya makumbusho ya taifa yamewekwa chini ya taasisi moja yenye makao yake Kinshasa. Hazina ya Lubumbashi ni ya namna mbili: vitu vya maisha na mila za makabila, na vitu vilivyotolewa ardhini kwa uchimbaji.

Namna hiyo ya pili yatufundisha mara moja maana ya kazi yenyewe. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Pierre de Maret aliendeleza utafiti katika bonde la Upemba katika miaka ya 1970. Katika makaburi ya nyakati za baadaye ilionekana misalaba ya shaba. Ile ya zamani zaidi ilikuwa mikubwa, nayo ilikuwa michache na iliwekwa juu ya kifua cha maiti. Iliyofuata ilizidi kuwa midogo na ya kulingana, ikawekwa kwa wingi karibu na mikono na nyonga. Kutokana na tofauti hiyo wataalamu walipendekeza kwamba msalaba ulianza kama mali ya heshima, ukaishia kuwa fedha ya kununulia na kuuzia. Lau wachimbaji wangaliokota shaba tu bila kuchora mahali ilipolala, misalaba ingalikuwapo leo kabatini, lakini habari hiyo ya uchumi wa kale ingalipotea.

2. Kazi za kila siku

Mwanagenzi wengi hutarajia kuanza na maonyesho na wageni. Kwa kawaida huanza ghalani, na mara nyingi kwa ufagio. Jambo hilo lisidharauliwe. Anayefagia ghala hujifunza kusoma vumbi: unga laini wa mbao uliojikusanya chini ya kinyago kilichosafishwa juzi huonyesha kwamba wadudu wangali hai ndani yake. Kitu hicho hutengwa siku hiyohiyo, hufungwa katika mfuko wa plastiki, na kuandikiwa taarifa. Penye mashine ya kugandisha na umeme wa uhakika, wadudu huuawa kwa baridi kali. Pasipo na umeme huo, kinga ni usafi, ukaguzi wa mara kwa mara, na kuinua vitu vyote juu ya sakafu ili mchwa na maji visivifikie. Huko Katanga, ambako masika yenye mvua nyingi hufuatwa na miezi mirefu ya kiangazi, mbao hunywa unyevu kisha hukauka na kupasuka. Kwa hiyo hali ya hewa ya ghala hupimwa na kuandikwa.

Kazi ya pili ni daftari la orodha. Kila kitu hupewa namba isiyopewa kingine. Kwa utaratibu utumikao katika majumba mengi, namba ya mfano 1974.12.3 humaanisha kitu cha tatu katika kundi la kumi na mbili lililopokewa mwaka 1974. Namba huandikwa mahali pasipoonekana na wageni, juu ya tabaka nyembamba ya vanishi inayoweza kuondolewa bila kudhuru. Nguo hushonewa kitambaa chenye namba kwa uzi wa pamba. Namba ikifutika, kitu na habari zake huachana.

Kazi ya tatu, iliyo kiini cha uanagenzi, ni kujaza fishi. Humo huandikwa jina la kitu, mali ghafi, vipimo kwa sentimita, hali yake (nyufa, matundu, sehemu zilizokosekana), mahali kilipotoka, aliyekitoa, tarehe, na njia kilivyopatikana: kwa kununuliwa, kwa zawadi, kwa uchimbaji au kwa nguvu. Kisichojulikana huachwa wazi. Mwanagenzi ajazaye nafasi kwa kukisia humdhuru msomaji kuliko yule aiachaye tupu, kwani kisio likishaandikwa kwa wino hugeuka kuwa ushahidi.

3. Ujuzi utakiwao

Ujuzi wa kwanza ni wa mikono. Kitu hubebwa kwa mikono miwili, kimoja kimoja, wala hakishikwi kwa mpini, sikio au ukingo, maana hapo ndipo kilipo dhaifu. Kabla ya kukiinua, mbebaji hujua atakapokiweka. Shaba na chuma hushikwa kwa glovu, kwa kuwa jasho huziletea kutu.

Ujuzi wa pili ni wa lugha, nao wawahusu hasa wanafunzi wa isimu. Kuna sanamu za Kiluba zenye mwanamke aliyeshika bakuli, ambazo vitabu vya Kizungu vilizoea kuziita "mwombaji", kana kwamba mwanamke huyo anyoosha chombo apewe sadaka. Jina lake la Kiluba ni "mboko". Bakuli hilo lilitunza udongo mweupe, yaani pemba, wa waganguzi na wa watawala. Mgeni aliyefika aliweza kuugusa na kujipaka kwa heshima. Neno moja la fishi lilimgeuza mtunza baraka kuwa ombaomba, na kosa hilo likarithiwa na vizazi vya wasomaji.

Kwa sababu hiyo jina la kitu huandikwa kwanza kwa lugha ya wenyewe, ndipo likaelezwa kwa Kiswahili na Kifaransa. Ni lazima vilevile kujua ngeli. Ubao wa kumbukumbu wa Waluba huitwa "lukasa", na wingi wake ni "nkasa". Asiyejua utaratibu wa majina ya Kibantu akikuta fishi mbili, moja ya "lukasa" na nyingine ya "nkasa", atadhani ni vitu viwili tofauti. Kiswahili ni njia ya kumfikia mzee na kuzungumza naye. Lakini mwanagenzi asitosheke na neno "kiti" pale ambapo mwenyewe angesema "lupona", kiti cha utawala ambacho si cha kila mtu kukikalia.

Ujuzi wa tatu ni wa kusikiliza. Mzee aulizwaye juu ya kinyago ana haki ya kunyamaza, na yako mambo yasiyosemwa mbele ya vijana. Ukimya huo nao huheshimiwa katika fishi.

Wa nne ni uaminifu. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Majumba ya Makumbusho, zilizopitishwa mwaka 1986 na kurekebishwa mwaka 2004, hazikubali mtumishi wa makumbusho ashiriki biashara ya vitu vya urithi. Mwanagenzi hushika funguo na kujua thamani. Kwa hiyo kishawishi chamfikia mapema.

4. Faida ya kazi hii

Huenda mtu akauliza kama kupima na kuandika kwafaa kuitwa elimu. Jibu limo katika mambo ya siku hizi. Mwezi Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, katika Jumba la Makumbusho la Taifa lililofunguliwa mwaka 2019, nacho kilitolewa kwa mkopo usio na kikomo. Mwezi uliofuata Ubelgiji ilipitisha sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa zama za ukoloni. Majadiliano ya namna hiyo hayaamuliwi kwa uchungu peke yake, ingawa uchungu una haki yake. Huamuliwa kwa kuuliza kitu kilitoka kijiji gani, mwaka gani, mikononi mwa nani, na kwa njia gani. Maswali hayo ndiyo nafasi za fishi.

Lukasa yaweza kuwa kielelezo cha kazi nzima. Ubao huo, wenye shanga na kombe, hushikwa kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia hufuata alama zake huku msomaji akisimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Waliojua kuusoma waliitwa "bana balute", watu wa kumbukumbu, nao walifundishwa kwanza. Bila wao ubao husalia mti wenye shanga. Chuo kikuu kimpelekapo mwanafunzi ghalani, chamtuma aende kujifunza kusoma, na kuandika vema kwa ajili ya atakayesoma baada yake.