Unauguza Nyumbani? Usibebe Mzigo Peke Yako

Je, mama au baba yako anaugua kifua kikuu (TB), na wewe ndiye unayempikia, unayemfulia na kumkumbusha dawa? Halafu asubuhi unasinzia darasani? Rafiki, msaada upo, ila lazima uuulizie.

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya. Hapa Tanzania dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa kawaida humezwa miezi 6. Mgonjwa akipata nafuu asiache, mpaka aambiwe amemaliza! Nyote mnaoishi naye nendeni mkachunguzwe, maana mnavuta hewa moja. Uliza pia kama mtaani kwenu kuna mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea wagonjwa majumbani.

Je, chakula au nauli ya kliniki ni tatizo? Nenda pamoja na mtu mzima kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Ombeni kuelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Waeleze hali halisi ya nyumbani, bila kuficha.

Shuleni, mwambie mwalimu unayemwamini. Asipojua yanayokusibu, atakuita mtoro bure!

Huna wa kumwambia? Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Usione haya kuomba msaada. TB inatibika, na masomo yako nayo yana thamani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.