Kijana akibadilika, usingoje avunje vyombo

Mzazi, kijana wako aliyekuwa mchangamfu ameanza kujifungia chumbani. Halali, haogi, hataki kusikia habari za shule. Anacheka peke yake, kisha anadai majirani wanamsengenya. Hapa Eldoret, uwe unaishi Langas, Huruma au Kapsoya, utaambiwa upesi kuwa ni bangi, ni utundu, au amerogwa. Anachapwa. Anaombewa. Asipotulia anapelekwa kwa nyanya mashambani, na miezi inapita.

Miezi hiyo ndiyo hasara kubwa. Maradhi makali ya akili, yale ya kusikia sauti zisizokuwapo, hujitokeza sana kati ya miaka 15 na 30, na kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupata nafuu kunavyokuwa kugumu. Kuomba si kosa. Omba ukiwa njiani kwenda hospitali.

Si lazima umsafirishe hadi Mathari, Nairobi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, papa hapa mjini, ina idara ya maradhi ya akili. Daktari atampima mwili pia, kwa maana malaria iliyopanda kichwani au kifafa huweza kumfanya mtu aropokwe. Atakuuliza mabadiliko yalianza lini, nani mwingine katika ukoo aliugua hivyo, na kijana anatumia nini. Usifiche pombe wala bangi. Kisha ataomba kuzungumza na kijana peke yake. Wazazi wengine huudhika hapa, lakini kuna mambo ambayo mtoto hatayasema mbele ya baba yake.

Je, kama alijaribu kujiua? Zamani jamaa walinyamaza wakiogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpeleke hospitali mara moja, usimwache peke yake, na uondoe karibu naye dawa za mifugo na za kunyunyizia mimea.

Dawa za akili si kama za malaria za siku tatu. Nyingine huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na akipata nafuu asiziache mpaka daktari aseme. Zikimfanya atetemeke, anenepe kupita kiasi au asinzie mchana kutwa, mrudishe kliniki zibadilishwe au zipunguzwe.