Biskuti Zisizo na Gluteni: Nini Kiongezwe, Nini Kiepukwe

Unga wa biskuti usio na gluteni hutengenezwa kwa nafaka na mizizi kama ulezi, mtama, mchele na muhogo. Mpikaji anaweza kuongeza vitu vingine ili kupata ladha tofauti. Hata hivyo, kila kinachoongezwa kinapaswa kuchunguzwa kwanza.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, protini hii husababisha kinga ya mwili kushambulia utumbo mwembamba. Matokeo yake huweza kuwa kuharisha, upungufu wa damu na, kwa watoto, kudumaa. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula.

Gluteni ndiyo hushikanisha donge, hivyo biskuti hizi humeguka kwa urahisi. Yafuatayo yatasaidia:

1. Kwa vikombe 2 vya unga, ongeza nusu kikombe cha karanga zilizopondwa, ufuta, zabibu kavu au embe kavu lililokatwa vipande vidogo.

2. Ukitumia nazi mbichi au ndizi mbivu, punguza maji au maziwa.

3. Iliki, tangawizi au mdalasini, nusu kijiko cha chai chatosha.

4. Acha donge litulie dakika 30 ili unga unywe maji, ndipo ukate na kuoka.

Epuka vinywaji vya unga vyenye kimea, kwa kuwa kimea kwa kawaida hutokana na shayiri. Chagua karanga kavu zisizo na ukungu, maana kukaanga hakuondoi sumukuvu yote.

Hatari kubwa zaidi haitoki kwenye viongezwa. Ulezi uliosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano hauwezi tena kuitwa usio na gluteni. Chekeche la ngano, meza yenye vumbi la unga na mafuta yaliyokaangia maandazi huleta madhara yale yale.

Kwa hiyo, kamati inayotaka kuanzisha mradi huu ipange kwanza fedha za mashine na vyombo vya pekee, kisha ndipo ifikirie ladha na vifungashio. Mahali ambapo hilo haliwezekani, biskuti ziuzwe kwa jina la biskuti za ulezi tu. Mgonjwa hula kwa kuamini maandishi yaliyo juu ya pakiti.