KUNUNUA KARIAKOO: TUSOME KIPIMO KABLA YA KUTOA PESA



Wengi wetu tulio vijijini tunafika Dar es Salaam mara chache tu kwa mwaka. Tunakwenda kumwona mgonjwa, kumtembelea mtoto, au kupeleka mazao. Na tukishafika mjini, hatuondoki bila kupita Kariakoo. Majirani wametuagiza. Huyu anataka sukari, yule sabuni, mwingine mafuta ya kula. Pesa tuliyoifunga kwenye kitambaa ni ya mahindi, ya korosho, ya kuku. Ni jasho letu. Ikipotea sokoni, hairudi mpaka mavuno mengine.

Watu husema, "Kariakoo vitu rahisi." Ni kweli, lakini ni rahisi kwa mtu anayesoma na kupiga hesabu. Asiyefanya hivyo hupunjwa hapo hapo, akarudi nyumbani akicheka. Sisi tumesoma kisomo. Tunajua herufi, tunajua kujumlisha na kugawanya. Basi leo tuone jinsi ya kutumia elimu hiyo dukani.

Kariakoo ni mahali gani?

Jina hili linatokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wao Waafrika wakawekwa mahali hapo. Watu wakalitamka jina kwa ulimi wao: Kariakoo.

Soko kubwa lenye paa kama miavuli lilichorwa na Mtanzania, Ndugu Beda Amuli. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Chini ya ardhi ilijengwa sehemu ya biashara ya jumla, ambayo watu waliiita "shimoni". Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Baadaye serikali ililitengeneza na kujenga jengo jingine kando yake.

Lakini Kariakoo si jengo moja. Ni mitaa mingi: Kongo, Msimbazi, Mkunguni, Sikukuu, Swahili na mingine. Kuna maduka ya jumla, maduka ya rejareja, na wamachinga wanaopanga vitu chini. Ukitoka hapo ukaingia katikati ya jiji, utakuta pia supamaketi. Huko mtu hujichukulia vitu mwenyewe, kisha hulipa mlangoni.

Bei hupangwa na nani?

Wazee wanakumbuka Tume ya Bei. Sheria ya kudhibiti bei ilitungwa mwaka 1973, na tume ikapanga bei za bidhaa nyingi. Shida ya miaka ile haikuwa bei peke yake. Vitu vyenyewe vilikuwa haba, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulipanga foleni kwa ajili ya sabuni.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa. Siku hizi vitu vimejaa, lakini bei ya vitu vingi hupangwa na muuzaji mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya kulinganisha bei imebaki mikononi mwetu sisi wanunuzi. Tusipoifanya, hakuna wa kutufanyia.

Bei bila kipimo haina maana

Hili ndilo jambo kubwa la leo. Mtu akikuambia, "Hii shilingi elfu mbili," bado hajakuambia kitu. Muulize: elfu mbili kwa kiasi gani?

Zamani wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja. Siku hizi sokoni tunasikia fungu, sado, debe, ndoo na gunia. Vipimo hivi vyote vina tatizo moja: havionyeshi uzito. Sado ni kopo tu. Likibonyea, linaingiza kidogo. Likijazwa mpaka juu kama kichuguu, linaingiza zaidi. Fungu la nyanya nalo hupangwa nzuri juu, zilizooza chini.

Kipimo cha kuaminika ni kilo. Ukifika penye mizani, angalia mambo matatu:

1. Kabla ya kupima, mshale au namba iwe kwenye sifuri. Kama haiko, sema kwa adabu, "Kaka, rudisha sifuri kwanza." Muuzaji wa kweli hatakasirika.

2. Simama mahali unapoiona namba mwenyewe. Usisomewe na mtu. Wewe unajua kusoma.

3. Tazama kama mizani ina alama au stika ya Wakala wa Vipimo. Wakala huu wa serikali ulianzishwa mwaka 2002. Hukagua mizani, na una ofisi mikoani. Ukipunjwa, peleka habari huko.

Jambo hili linatuhusu hata tunapouza. Mkulima anayeuza viazi au vitunguu kwa lumbesa hutoa gunia lililoshonewa nyongeza juu kama kofia, halafu hulipwa bei ya gunia moja. Lumbesa imekatazwa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Basi tusipunjwe mara mbili, shambani tukiuza na mjini tukinunua.

Kidogo kidogo ni ghali

Mjini watu wengi hununua sukari robo, mafuta ya kupima, unga nusu. Si ujinga. Pesa ya siku ndiyo hiyo. Hata hivyo tupige hesabu ili tujue tunalipa nini. Bei tutakazotaja ni za mfano tu.

Tuseme kilo moja ya sukari ni shilingi 3,000. Robo kilo ni shilingi 850. Mtu huona 850 ni nafuu. Lakini kilo moja ina robo nne. Robo nne ni 850 mara 4, sawa na shilingi 3,400. Amelipa shilingi 400 zaidi kwa sukari ile ile.

Kama nyumba inatumia kilo moja kila wiki, kwa mwaka wa wiki 52 hasara ni 400 mara 52, yaani shilingi 20,800. Hiyo ni pesa ya madaftari ya watoto, bwana! Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza.

Ndani ya supamaketi

Baadhi yetu tunaogopa kuingia supamaketi. Tunadhani ni ya matajiri. Hapana. Ni duka kama duka lingine. Vitu vingine huko ni ghali kuliko sokoni, hasa mboga na matunda. Vingine ni sawa, na vingine hushushwa bei. Tofauti ni kwamba huko hakuna kupatana. Bei imeandikwa, nawe unatakiwa kuisoma. Basi anayesoma ana nguvu.

Kwanza, andika orodha nyumbani. Vitu hupangwa kwa ujanja ili macho yatamani. Vya bei kubwa mara nyingi huwekwa usawa wa macho. Inama, tazama na chini. Pipi na biskuti huwekwa karibu na mahali pa kulipia, ili mtoto alie na mama atoe pesa. Kama si kwenye orodha, acha.

Pili, usidanganywe na namba. Shilingi 4,950 si elfu nne. Ni elfu tano kasoro hamsini.

Tatu, soma uzito kwenye pakiti. Herufi g ni gramu, na kg ni kilo. Gramu 1,000 ni kilo moja. Herufi ml ni mililita, na mililita 1,000 ni lita moja. Pakiti nyingine huonekana kama ya kilo kumbe ni gramu 900.

Watu wengi hudhani pakiti kubwa ni nafuu siku zote. Tujaribu. Tuseme sabuni ya unga ya gramu 500 ni shilingi 2,400. Ya gramu 900 ni shilingi 4,500. Ipi nafuu? Tutafute bei ya kila gramu 100.

Pakiti ndogo: 2,400 gawanya kwa 5, sawa na shilingi 480.
Pakiti kubwa: 4,500 gawanya kwa 9, sawa na shilingi 500.

Kumbe ndogo ni nafuu! Mara nyingine kubwa ndiyo itakuwa nafuu. Huwezi kujua kwa macho. Utajua kwa kugawanya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 1998 inawataka wenye maduka waandike pia bei ya kilo au lita moja, ili mnunuzi alinganishe. Ukikuta duka halikuandika hivyo, toa kalamu yako au simu yako, piga hesabu hapo hapo. Si aibu.

Nne, soma tarehe. Tafuta herufi EXP. Tarehe inayofuata ni ya mwisho wa matumizi. Kitu kikishushwa bei sana, huenda tarehe iko karibu. Kama utakitumia wiki hii, chukua. Kama ni cha kuweka miezi, kiache. Na ikiwa tarehe imekwisha pita, usinunue hata kwa bure.

Tano, nenda na kikapu chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Usipokuwa na kikapu utauziwa mfuko mwingine, na hiyo ni pesa.

Mwisho, chukua risiti, uisome kabla ya kutoka. Linganisha na vitu ulivyobeba. Ikiwa kitu kimehesabiwa mara mbili, sema hapo hapo.

Tusisahau nauli

Kuna kosa jingine. Mtu hufurahia bei ya jumla, akasahau gharama ya safari. Tupige hesabu tena.

Tuseme kijijini lita moja ya mafuta ya kula ni shilingi 5,500. Kariakoo dumu la lita 20 ni shilingi 94,000, yaani shilingi 4,700 kwa lita. Tumeokoa shilingi 800 kwa kila lita. Kwa lita 20 ni shilingi 16,000.

Lakini nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Kubeba dumu ni shilingi 2,000. Chakula ni shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 10,000. Kumbe tumebakiwa na shilingi 6,000 tu, na siku nzima ya shamba imepotea.

Sasa tuseme nyumba tano zimeshirikiana. Zimenunua madumu matano na kutuma watu wawili. Akiba ni 16,000 mara 5, sawa na shilingi 80,000. Nauli ya wawili ni shilingi 12,000. Mizigo ni shilingi 10,000. Chakula ni shilingi 4,000. Gharama zote ni shilingi 26,000. Kilichobaki ni shilingi 54,000. Kila nyumba inapata shilingi 10,800, na nyumba tatu hazikutoa mtu shambani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ushirikiano bila maandishi huleta ugomvi. Kabla ya safari andikeni jina la kila mtu, alichoagiza, na pesa aliyotoa. Wakirudi, someni risiti mbele ya wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tahadhari

Kariakoo kuna watu wengi waaminifu. Wapo pia matapeli. Mtu usiyemjua akikuambia, "Mzee, njoo nikuonyeshe duka la bei poa," kuwa mwangalifu. Huenda malipo yake yamo ndani ya bei utakayotozwa. Uliza bei maduka matatu, uziandike, kisha rudi penye nafuu. Mzigo ukifungwa, ufungwe mbele ya macho yako. Pesa ya nauli iweke mbali na pesa ya manunuzi. Usihesabu pesa njiani.

Ndugu zetu, hakuna mtu atakayetuandikia cheti kwa kununua sukari vizuri. Lakini shilingi 400 tuliyoiokoa ndiyo inayoonyesha kwamba kisomo chetu kinafanya kazi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Duka la kijiji chetu linauza sukari robo kwa bei gani? Robo nne ni shilingi ngapi? Na kilo nzima je?

2. Pakiti ya chumvi ya gramu 500 ni shilingi 600. Ya gramu 200 ni shilingi 260. Ipi nafuu kwa kila gramu 100?

3. Ni vitu gani nyumba zetu zinaweza kununua kwa pamoja? Nani ataandika daftari?